Maisha ya King Tubby, Fundi Redio wa Kingston

Kila mkaaji wa Kariakoo anamjua fundi redio. Meza yake huwa barazani, au katika kichochoro kati ya maduka, na juu yake mna nyaya, bisibisi na redio zilizofunuliwa matumbo. Watu humpelekea chombo kilichokufa, humlipa akiisha kukifufua, kisha humsahau. Ni wachache wanaomhesabu katika watu wa muziki. Lakini muziki wa mitambo unaowachezesha vijana wa nchi nyingi leo, hasa ule wa mapigo ya mbio na besi nzito ambao Waingereza waliuita ngoma na besi, mmoja wa wazee wake wakubwa alikuwa fundi redio. Habari zake zafaa kujulikana na wanafunzi, na wazazi pia.

Jina lake la kuzaliwa ni Osbourne Ruddock. Alizaliwa tarehe 28 Januari 1941 mjini Kingston, katika kisiwa cha Jamaika. Wakati ule Jamaika ilikuwa koloni la Waingereza. Ilipata uhuru wake mwezi wa Agosti 1962, miezi minane tu baada ya Tanganyika kupata wake. Watu walimwita Tubby, neno ambalo kwa Kiingereza ni kibonge, ingawa yeye hakuwa mnene. Yasemekana jina hilo lilitokana na ukoo wa mama yake, Tubman. Cheo cha mfalme alipewa baadaye na wapenzi wa muziki.

Tangu ujana wake alipenda mambo ya umeme. Alijifunza kazi hiyo kwa bidii, akawa fundi wa kutengeneza redio na mitambo ya sauti. Kazi haikukosekana. Watu maskini wa Kingston hawakuwa na fedha za kuingia hotelini kusikiliza bendi, kwa hiyo wafanyabiashara walipakia spika kubwa na santuri katika magari, wakapiga muziki viwanjani usiku kucha. Mitambo hiyo ilifanya kazi ngumu, na transfoma ziliungua mara kwa mara. Tubby alizisuka upya kwa mkono wake, na amplifaya alizitengeneza mwenyewe. Hatimaye akaunda mtambo wake mwenyewe wa dansi, akauita Home Town Hi-Fi. Ulisifika kwa sauti safi, kwa besi iliyotikisa kifua, na kwa mwangwi uliowashangaza watu. Dijei wake mashuhuri alikuwa U-Roy, aliyekuwa akighani maneno yake juu ya santuri.

Tubby alipata pia kazi ya kukata santuri kwa Duke Reid, mwenye studio ya Treasure Isle. Katika miaka ile ya mwisho ya 1960 ilionekana huko Jamaika kwamba wimbo ukipigwa bila sauti ya mwimbaji, wachezaji huuimba wenyewe kwa furaha. Wengine waliona ni mzaha wa usiku mmoja. Tubby aliona ni mlango.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliweka studio yake katika nyumba ya familia, mtaa wa Waterhouse, ambao ni mtaa wa watu wa hali ya chini. Chumba kilikuwa kidogo hata bendi haikuenea, na waimbaji walisimama katika choo cha kuogea ili kurekodi sauti zao. Kwa msaada wa rafiki yake Bunny Lee, alinunua mtambo wa kuchanganyia sauti uliokwisha kutumika katika studio kubwa ya Dynamic Sounds.  Yeye aliufungua, akaufanyia marekebisho, akauongezea vyombo vya mwangwi alivyovirekebisha mwenyewe.

Sasa tueleze kazi yake, maana ndiyo iliyomtofautisha na wengine. Wanamuziki walirekodi kwingine, kisha kanda ikaletwa kwake. Katika kanda hiyo ngoma ilikuwa katika njia moja, besi katika nyingine, gita na kinanda katika nyingine, na mwimbaji katika ya mwisho. Watengenezaji wengine walitaka kuongeza, Tubby alipunguza. Alimnyamazisha mwimbaji, akaliondoa gita, akaacha ngoma na besi peke yake. Kisha alirudisha neno moja la mwimbaji na kulitupa katika mwangwi mpaka likapotelea mbali. Hayo yote aliyafanya kwa vidole, papo hapo, kanda ikizunguka, hata wimbo mmoja ukawa mpya kila alipoushika. Muziki huo uliitwa dabu. Santuri aliyoitengeneza pamoja na Augustus Pablo, iliyotoka mwaka 1976, ingali ikisifiwa na wajuzi duniani.

Fundi huyu hakuficha elimu yake. Walipita mikononi mwake vijana kama Philip Smart, Lloyd James aliyeitwa Jammy, na Hopeton Brown aliyeitwa Scientist, ambaye alimjia angali kijana mdogo kwa ajili ya mambo ya transfoma. Mwaka 1985 Jammy alitoa wimbo uliopigwa kwa kinanda kidogo cha Casio, bila mpiga ngoma wala mpiga besi, na muziki wa Jamaika ukageuka. Tubby naye hakukasirika kupitwa na mwanafunzi wake. Alifungua studio mpya, akaingia katika muziki huo wa kinanda.

Lakini siku zake hazikuwa nyingi. Tarehe 6 Februari 1989, alipokuwa akirudi nyumbani usiku kutoka kazini, alipigwa risasi nje ya nyumba yake akafa. Alikuwa na umri wa miaka 48. Aliyemwua hakuhukumiwa mpaka leo.

Kazi yake haikufa naye. Wajamaika waliohamia Uingereza walikuwa wamekwisha kupeleka huko mitambo yao ya dansi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watoto wao, pamoja na vijana wa Kiingereza, walichukua vipande vya ngoma kutoka santuri za zamani za Marekani, wakavikimbiza kwa kompyuta hadi mapigo 160 na zaidi kwa dakika, kisha chini yake wakaweka besi nzito ya polepole ya dabu. Kipande kilichotumika kuliko vyote ni cha sekunde 7 hivi, kilichopigwa na Gregory Coleman wa bendi ya The Winstons mwaka 1969. Coleman alikufa mwaka 2006 katika umaskini, hakupata malipo yoyote kwa kipande hicho. Hapa Dar es Salaam vijana wa singeli nao wamechukua vipande vya taarabu wakavikimbiza kwa kompyuta ndogo vyumbani mwao, kupita mapigo 200 kwa dakika.

Yapo mafunzo mawili. La kwanza, mzazi anayemwona mwanawe akifungua redio asikimbilie kumgombeza. Na mwana naye asidhani kufungua tu kwatosha, maana Tubby aliujua umeme barabara kabla hajauchezea. La pili, kazi ya mtu ina mwenyewe. Tunapoufurahia muziki tuulize nani alipiga ngoma, nani alikaa kwenye mtambo, na kama amelipwa. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, wasema wahenga. Lakini mgema asiyesifiwa kabisa, wala kulipwa, naye ataacha kupanda mnazi.