Johannes Kepler na Dakika Nane za Mirihi

Sisi wa kidato cha sita tumezikariri sheria tatu za Johannes Kepler za mwendo wa sayari, na tukiulizwa katika mtihani huziandika upesi. Lakini habari za mtu mwenyewe sikuzijua mpaka nilipozisoma likizo iliyopita nyumbani Masinya, na tangu siku hizo nimekuwa na aibu kidogo. Sababu yake nitaieleza mbele.

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba, 1571, katika mji mdogo wa Weil der Stadt, nchi ya Ujerumani. Baba yake alikuwa askari wa kukodiwa, akienda vitani na kurudi, hata safari moja hakurudi tena. Mtoto aliugua ndui, ikamharibia macho. Ni ajabu kwamba mtu asiyeona vizuri ndiye aliyekuja kutufundisha njia za sayari. Mwaka wa 1577 mama yake, Katharina, alimpeleka mahali pa juu akamwonyesha nyota yenye mkia. Alipokua alisomea kazi ya uchungaji, lakini mwaka wa 1594, kabla hajamaliza, alipelekwa kufundisha hesabu huko Graz, Austria. Mwaka wake wa pili hakupata hata mwanafunzi mmoja wa hesabu! (Walimu wetu wasikate tamaa.)

Mwaka wa 1600 Waprotestanti walifukuzwa Graz, naye akaenda Prague kwa Tycho Brahe. Huyu Tycho alikuwa amepima mahali pa sayari kwa miaka mingi, bila darubini, kwa usahihi ambao haujapata kuonekana. Akampa Kepler kazi ya kuitafuta njia ya Mirihi. Kepler akajisifu kwamba ataimaliza kwa siku 8. Ilimchukua karibu miaka 5, na Tycho mwenyewe alikufa mwaka wa 1601 bila kuona mwisho wake.

Tangu zamani za Wayunani watu waliamini kwamba vitu vya mbinguni huenda kwa duara kamili. Hata Copernicus, aliyesema kwamba Dunia ndiyo inayolizunguka Jua, hakuliacha duara. Kepler naye alianza na duara. Alirudia hesabu zake kama mara 70, hata zikapatana na vipimo vya Tycho karibu vyote. Vichache tu vilikataa, na vilikataa kwa dakika 8. Dakika hizi si za saa. Ni za pembe, ambapo digrii moja hugawanywa sehemu 60. Mwezi mpevu una upana wa dakika kama 30, basi kosa lote lilikuwa kama robo ya Mwezi. Nani angalijua? Lakini Kepler alijua kwamba Tycho hakuweza kukosea kiasi hicho. Akaitupa kazi yake akaanza upya.

Na hapa ndipo penye aibu yangu. Muhula uliopita tulikuwa katika maabara tukipima mwendo wa pendulamu. Nukta moja ya grafu yangu ilikataa kukaa juu ya mstari. Nikaifuta, nikaiweka mahali mstari ulipopita, nikapata alama nzuri. Sijui nukta ile ilitaka kuniambia nini. Huenda uzi ulikuwa umelegea tu.

Mwishowe Kepler aliona kwamba njia ya Mirihi ni duaradufu, yaani duara lililobanwa kidogo, na Jua haliko katikati yake bali limekaa upande mmoja. Tena aliona kwamba sayari haina mwendo mmoja: ikilikaribia Jua huenda mbio, ikiwa mbali hupunguza. Hayo aliyachapa katika kitabu mwaka wa 1609. Ni kama baiskeli yetu ya boda: ikiteremka kwenda mtoni huongeza mwendo, na mwendo huohuo huipandisha ng'ambo, ikipungua kidogo kidogo. Ukitaka ushahidi, chukua kalenda. Kutoka siku ya Machi ambayo Jua huvuka ikweta mpaka siku ya Septemba ambayo hurudi, utahesabu siku kama 186. Kutoka Septemba mpaka Machi, siku 179 tu. Januari ndipo Dunia inapokuwa karibu zaidi na Jua, kilometa milioni 147, nayo hukaza mwendo. Julai iko kilometa milioni 152.

Ni nguvu gani inayoishika sayari? Kepler alikisia kwamba inatoka katika Jua kama ile ya sumaku, akidhani inaisukuma sayari mbele. Hapo alikosea. Isaac Newton wa Uingereza ndiye aliyefafanua mwaka wa 1687 kwamba sayari haihitaji kusukumwa. Ina mwendo wake, na Jua linaivuta tu. Tuseme umesimama juu ya Mwamba wa Tororo, ukatupa jiwe kuelekea mashariki, na hewa haipo. Ukilirusha kwa nguvu za ajabu litaanguka Malaba, ukizidisha, Eldoret, ukizidisha tena, katika Bahari ya Hindi. Likifika mwendo wa kilometa 8 hivi kwa sekunde, litaendelea kuanguka, lakini Dunia nayo inainama chini yake, kwa hiyo haligusi ardhi. Jihadhari na kisogo chako, maana litarudi baada ya saa moja na nusu hivi. Setilaiti ya Uhuru, iliyorushwa baharini karibu na Malindi tarehe 12 Desemba, 1970, ilikuwa jiwe la namna hiyo.

Turudi kwa Kepler. Mwaka wa 1615 mama yake, mzee aliyejua dawa za miti, alisingiziwa uchawi. Jirani mmoja alisema amenywa kwake kinywaji akaugua. Nasi hapa kwetu twajua jinsi mwanamke mzee asiye na mume anavyoweza kusemwa. Mwaka wa 1620 alikamatwa, akafungwa minyororo kwa miezi kama 14. Kepler aliacha kazi yake mjini Linz akaenda kumtetea, akijibu shtaka moja moja na kuonyesha kwamba magonjwa yale yalikuwa na sababu za kawaida. Mama alionyeshwa vyombo vya mateso, akakataa kukiri. Akaachiliwa mwaka wa 1621, akafa mwaka uliofuata.

Katika miaka hiyohiyo ya taabu, mwaka wa 1618, Kepler aliipata sheria ya tatu. Mshtarii iko mbali na Jua mara 5.2 kuliko Dunia. Zidisha 5.2 kwa 5.2, kisha kwa 5.2 tena, upate 140.6, kipeuo chake cha pili ni 11.86, na hiyo ndiyo miaka inayoichukua Mshtarii kulizunguka Jua mara moja.

Kepler alikufa safarini huko Regensburg tarehe 15 Novemba, 1630, na vita vikaliharibu kaburi lake. Kabla ya kufa alikuwa ametangaza kwamba tarehe 7 Novemba, 1631, Utaridi itapita mbele ya uso wa Jua. Siku ile Pierre Gassendi aliweka darubini yake mjini Paris, akaona nukta nyeusi, ndogo kuliko alivyotazamia, ikitambaa juu ya Jua.