Pearl Primus: Mcheza ngoma aliyerudi asikozaliwa

JINA la Pearl Primus si geni kwa walimu wa ngoma za Kiafrika huko Marekani, ingawa kwetu wengi hawajalisikia. Mama huyo alicheza na kufundisha Marekani, Karibi, Ulaya na Afrika kwa karibu miaka hamsini, na ngoma mojawapo aliyozunguka nayo aliitoa Rwanda.

Habari zake zinawagusa hasa wale waliorejea makwao baada ya miaka mingi ya ugenini. Wapo waliozaliwa ukimbizini, wakakua wakisimuliwa habari za nyumbani kila jioni, na siku walipovuka mpaka na mabegi yao wakakuta kwamba nchi waliyosimuliwa na nchi waliyoiona kwa macho ni mbili. Bi. Primus alizaliwa mbali zaidi, na masimulizi aliyopewa yalikuwa machache zaidi, lakini yaliyomkuta yanafanana na hayo.

Alizaliwa Novemba 29, 1919 mjini Port of Spain, katika kisiwa cha Trinidad, ambako watu wengi ni wazao wa Waafrika waliouzwa utumwani. Alikuwa bado mtoto mdogo wazazi wake walipohamia New York kutafuta maisha.

Hakutaka kuwa mcheza ngoma. Alitaka kuwa daktari, na mwaka 1940 alimaliza masomo yake ya biolojia katika chuo cha Hunter mjini New York. Aliitafuta kazi ya maabara ili apate fedha za kuendelea na udaktari, asiipate. Wakati huo kwa mtu mweusi shahada ilikuwa kitu kimoja na kazi kitu kingine.

Mwishowe mpango wa serikali wa kuwasaidia vijana wasio na ajira ulimweka katika kikundi kimoja cha michezo ya jukwaani. Kazi yake ilikuwa kutunza mavazi ya wachezaji. Siku mchezaji alipohitajika, mtunza mavazi akaingizwa mstarini, na hapo ndipo watu walipogundua kwamba binti huyo ana mwili unaosikia muziki. Mwaka 1941 shule ya New Dance Group ilimpa nafasi ya kusoma bure, akawa mwanafunzi wa kwanza mweusi katika shule hiyo.

Februari 14, 1943 alipanda jukwaani New York akiwa na ngoma yake mwenyewe. Aliiita African Ceremonial, yaani ibada ya Kiafrika. Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu, kwa sababu mtungaji wa ngoma hiyo alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika. Aliitunga kwa kusoma vitabu maktabani, kutazama picha na kwenda kuangalia vinyago katika majumba ya makumbusho. Alifanya hivyo kwa bidii ya mtu wa maabara, miezi mingi, akilinganisha hiki na kile.

Watu waliipenda. John Martin, mhakiki wa gazeti la New York Times aliyekuwa akiogopwa na wachezaji wengi, alimsifu kiasi cha kumfanya afikirie kuachana kabisa na udaktari. Umbo lake lilikuwa fupi na la nguvu, na kilichowashangaza watazamaji zaidi ni jinsi alivyoruka juu. Aliruka kama mtu ambaye ardhi haina deni naye.

Mwaka huo huo alicheza kwa miezi mingi katika ukumbi wa Café Society, na Juni alicheza mbele ya maelfu ya watu katika mkutano wa kudai haki za weusi kwenye uwanja wa Madison Square Garden. Ngoma zake hazikuwa za kuburudisha tu. Ile iliyoitwa Strange Fruit, iliyotokana na shairi la Abel Meeropol, ilihusu watu weusi waliokuwa wakinyongwa mitini na makundi ya Wazungu bila kesi wala hakimu. Aliicheza kama mwanamke aliyekuwamo katika umati huo, ambaye wenzake wameondoka na yeye amebaki chini ya mti akitambua walichokifanya.

Mwaka 1944 alifanya jambo ambalo linaonyesha alivyoelewa kazi yake. Alikwenda majimbo ya kusini ya Marekani akaishi na wakulima maskini weusi, akachuma pamba pamoja nao na kuingia makanisani mwao kuona wanavyoimba na kuyumba. Hakutaka tena kuwacheza watu aliowasoma vitabuni.

Lakini Afrika yenyewe ilikuwa bado ya vitabuni. Mwaka 1948 alikuwa akicheza katika Chuo Kikuu cha Fisk, jimbo la Tennessee, na miongoni mwa watazamaji alikuwamo Edwin Embree, mkuu wa mfuko wa Rosenwald. Mfuko huo ndio uliosaidia kujenga maelfu ya shule za watoto weusi huko kusini. Bwana huyo alipouliza ni lini mara ya mwisho Bi. Primus alikuwa Afrika, akaambiwa hajafika hata siku moja. Mfuko ulikuwa ukikaribia kufungwa, na karibu ruzuku yake ya mwisho ikaenda kwa binti huyo: dola 4,000, nyingi sana kwa siku zile, aende akajionee.

Wafanyabiashara wa mipakani watajua safari ya namna hiyo ilivyokuwa. Mbali na Liberia, karibu kila alikopita kulikuwa na mkoloni. Ghana ya leo na Nigeria zilikuwa za Mwingereza, Senegal ya Mfaransa, Angola ya Mreno, Kongo ya Mbelgiji. Kuvuka mto mmoja kulitosha kubadilisha lugha ya ofisini, fedha na muhuri.

Nigeria Wayoruba walimpa jina la Omowale, maana yake mtoto amerudi nyumbani. (Jina hilo hilo alipewa Malcolm X alipofika Ibadan mwaka 1964.) Ni jina zuri, na mtu mwingine angetosheka nalo, akapiga picha na kurudi New York kulitangaza. Waliorejea wanajua kwamba kupokewa kwa vigelegele ni siku ya kwanza tu. Siku ya pili unaulizwa unajua nini.

Naye hakujua. Alikuwa msomi, jina lake limeandikwa magazetini, lakini kule vijijini alianza kama mtoto: aonyeshwe mguu unakoanzia, akosee, achekwe, arudie. Alijifunza kwamba hatua aliyoisoma kitabuni ilikuwa na wakati wake, na mtu wake wa kuicheza, na sababu. Ngoma ya mavuno haichezwi msibani hata kama inapendeza.

Safari ikamfikisha upande wetu huu, Kongo ya Wabelgiji na Rwanda. Enzi hizo Mwami alikuwa Mutara Rudahigwa na makao yake yalikuwa Nyanza. Intore, wale vijana waliochaguliwa kulelewa na kufunzwa katika himaya ya mfalme, walikuwa wakijulikana kila mahali kwa uchezaji wao: manyoya marefu kichwani yanayorushwa huku na huku, njuga miguuni, mkuki mkononi, kifua mbele. Wenyeji hawana haja ya kuelezwa, harusi za leo bado zinawaita.

Hizo zilikuwa ngoma za wanaume. Inasimuliwa kwamba ilibidi Bi. Primus ahesabiwe kama mwanamume ndipo aruhusiwe kufundishwa. Kutokana na mafunzo hayo, mwaka 1951 alitunga ngoma aliyoiita Impinyuza, yenye mwendo wa majivuno wa watu wanaojua kwamba wanatazamwa na mfalme.

Hapa pana swali la haki. Je, mgeni achukue ngoma ya ikulu ya watu akaiuze tiketi mjini New York? Katika miaka hiyo hiyo watengeneza filamu wa Hollywood walikuja na kamera zao, na mwaka 1950 filamu ya King Solomon's Mines ikaonyesha wachezaji wa Rwanda duniani kote. Mwaka 1962 vijana wa Marekani walikuwa wakinengua mtindo walioubatiza Watusi, ambao haukuwa na uhusiano wowote na Nyanza wala Butare. Ukilinganisha, mwanamama huyu alikaa chini akafundishwa, akataja alikoitoa na akakataa kuipunguza iwe kichekesho. Kwa maoni yangu hiyo ni tofauti kubwa. Hata hivyo, yeye ndiye aliyebaki na jina. Waliomsahihisha mguu hawatajwi katika vitabu vya ngoma vya huko.

Aliporudi hakuonyesha tu, alifundisha. Kila alikokwenda alitoa mihadhara na warsha: anacheza, anasimama, anaeleza ngoma hii ni ya nani na inachezwa lini, kisha anawainua watu vitini wajaribu. Kuanzia mwaka 1951 kikundi chake kilitembelea Uingereza na nchi nyingine za Ulaya, na hata Israel.

Safari hizo zilikatishwa mezani, si jukwaani. Kwa miaka kadhaa wapelelezi wa FBI walikuwa wakimfuatilia kwa sababu ya urafiki wake na watu wa mrengo wa kushoto, na mikutano ile ya haki aliyocheza. Mwaka 1952 hati yake ya kusafiria ilitwaliwa. Aliyewahi kusimama dirishani akiambiwa karatasi zake hazitoshi, na mzigo uko nje juani, anaelewa. Kwa mcheza ngoma mzigo ni mwili wenyewe, na mwili hauna akiba: mwaka uliopita umepita.

Hakuvunjika. Mwaka 1953 alikuwa Trinidad, kisiwa alichozaliwa, na huko akakutana na mcheza ngoma Percival Borde. Wakawa mume na mke na washirika wa kazi, wakapata mtoto wa kiume, Onwin, ambaye baadaye alikuwa mpiga ngoma.

Mwaka 1959 familia hiyo ilihamia Monrovia. Liberia, nchi iliyoasisiwa na watumwa walioachwa huru waliotoka Marekani, ilikuwa chini ya Rais William Tubman, ambaye alimkabidhi Bi. Primus kituo cha sanaa za jukwaani kilichoitwa Konama Kende. Kazi ilikuwa kuwafundisha Waliberia wacheze ngoma za Liberia, jukwaani, kwa fahari. Wazo lenyewe lina ukakasi: mtu wa nje kuja kuwapangia wenyeji ngoma zao. Lakini tabaka la wakubwa wa Monrovia lilikuwa limezoea kuziona ngoma za bara kuwa ushamba, na wakati mwingine mwenyeji anahitaji mgeni amwambie kwamba kilichoko jikoni kwake ni chakula.

Kutoka Liberia aliisambaza Fanga, ngoma ya kumkaribisha mgeni, mikono ikifunguliwa kuonyesha kwamba hakuna silaha. Leo Fanga inafundishwa katika shule na makanisa mengi ya Marekani, mara nyingi ikiwa imeongezwa maneno na hatua ambazo mtu wa Liberia asingezitambua. Ndivyo bidhaa inavyobadilika kadiri inavyovuka mipaka.

Katikati ya miaka ya 1960 alipeleka ngoma zake katika shule za msingi za New York, akiwaonyesha watoto wa rangi zote kwamba Afrika ina adabu na utaratibu wake. Aliendelea kusoma pia, na mwaka 1978, akiwa na umri wa miaka 58, Chuo Kikuu cha New York kilimpa shahada ya udaktari wa falsafa. Utafiti wake ulihusu vinyago vya kabila la Mano wa Liberia na jinsi vinavyotumika kulea watoto. Kwa hiyo udaktari aliutia mkononi hatimaye, ingawa si ule wa sindano na vidonge.

Mwaka uliofuata Percival Borde alifariki dunia mjini New York, muda mfupi tu baada ya kushuka jukwaani.

Kuanzia mwaka 1984 mjane huyo alikuwa profesa katika vyuo vitano vya Massachusetts vinavyoshirikiana. Wanafunzi wake walipitishwa njia aliyopitia yeye: kwanza ujue ngoma ni ya nani, kisha uinue mguu.

Mwaka 1990 kikundi cha Alvin Ailey, maarufu kuliko vyote vya wachezaji weusi wa Marekani, kiliomba kuirudisha Impinyuza jukwaani. Bi. Primus, sasa bibi wa miaka sabini, akawafundisha vijana wa kiume wa mjini ule mwendo aliofundishwa Rwanda miaka arobaini iliyopita. Mwaka 1991 Rais George H. W. Bush alimpa Nishani ya Taifa ya Sanaa. Ni serikali ile ile iliyowahi kumnyang'anya hati ya kusafiria.

Alifariki nyumbani kwake New Rochelle, nje kidogo ya New York, Oktoba 29, 1994, akiwa amebakiza mwezi mmoja kutimiza miaka 75. Ulikuwa mwaka ambao barabara za Rwanda zilijaa watu, wengine wakitoka na magodoro kichwani, wengine wakiingia kwa mara ya kwanza katika nchi ya wazazi wao. Sidhani kama kuna aliyekuwa na nafasi ya kusikia kwamba huko ng'ambo amekufa mama mmoja aliyekuwa akicheza ngoma ya Nyanza.