Felix Wankel: fundi asiye na leseni aliyeitoa pistoni kwenye injini

Baada ya kipindi chetu cha mafundi bodaboda, kijana mmoja wa Masoko alitutumia ujumbe. Alikuwa ameona kwenye simu video ya Suzuki ya zamani, na maelezo chini yake yakidai kwamba injini ya pikipiki hiyo haina pistoni wala vavu. Akauliza kama ni kweli au watu wa mtandaoni wanatuchezea. Ni kweli. Aliyeianzisha injini hiyo ni Mjerumani aitwaye Felix Wankel, na kwa kuwa dakika za redioni hazikutosha, tunaeleza habari zake hapa.

Wankel alizaliwa tarehe 13 Agosti 1902 katika mji wa Lahr, kwenye milima ya misitu kusini magharibi mwa Ujerumani. Wakati huo Wajerumani ndio waliotawala huku kwetu; Tukuyu waliiita Neu Langenburg, na boma lao bado lipo pale Masoko karibu na ziwa. Baba yake alikuwa bwana misitu. Aliuawa mwaka 1914 katika vita ileile iliyofika mpaka Rungwe, na mama akahamia Heidelberg na mwanawe. Fedha zikawa tatizo. Mwaka 1921 kijana akaacha shule bila kupata cheti cha kumwingiza chuo kikuu, akaenda kufanya kazi katika kampuni ya vitabu. Uhandisi hakuusomea darasani hata siku moja. Macho yake pia hayakuona mbali, na inaelezwa kwamba hakuwahi kuwa na leseni ya udereva maisha yake yote.

Lakini kichwa chake kilikuwa kwenye injini. Mwaka 1924 alifungua karakana ndogo Heidelberg pamoja na rafiki zake, na mwaka 1929 akapata hati miliki yake ya kwanza kuhusu injini ya kuzunguka.

Hapa tueleze kidogo. Kwenye bodaboda yako pistoni inapanda na kushuka, halafu krenki inageuza mwendo huo kuwa wa kuzunguka. Kila ikifika juu au chini, pistoni lazima isimame na kugeuka, na ndiyo maana pikipiki inatetemeka. Wankel alitaka kitu kinachozunguka tangu mwanzo. Chukua pembetatu yenye mbavu zilizovimba, iweke ndani ya chumba chenye umbo la namba nane iliyonenepa kiunoni. Pembetatu hiyo, inayoitwa rota, inazunguka huku ncha zake tatu zikigusa ukuta wa chumba wakati wote. Kila upande wake unavuta mafuta na hewa, unabana, unachoma na kutoa moshi. Rota ikizunguka mara moja, shafti inazunguka mara tatu, na kila mzunguko wa shafti unapata mlipuko mmoja. Injini ya bodaboda ya kawaida inahitaji mizunguko miwili kwa mlipuko mmoja.

Kuna sehemu ya maisha yake ambayo wapenzi wa injini huipita haraka. Wankel alijiunga na chama cha Wanazi akiwa kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Baadaye aligombana na kiongozi wa chama wa mkoa wake, akimtuhumu kwa ufisadi, na mwaka 1933 akafungwa jela kwa miezi kadhaa. Alitolewa kwa msaada wa mkubwa mwingine wa chama hichohicho. Baada ya hapo serikali ya Hitler ilimpa fedha za karakana ya utafiti mjini Lindau, kando ya ziwa Bodensee, akatengeneza vavu za kuzunguka kwa ajili ya injini za ndege za kivita. Mwaka 1940 alipewa cheo katika jeshi la SS, na mwaka 1942 akaondolewa humo. Vita vilipokwisha mwaka 1945 Wafaransa walimkamata, wakaibomoa karakana yake. Mimi naona si haki kusimulia rota na kuyaficha haya, maana fedha za watu hao ndizo zilizomfunza kazi ya kuziba gesi isivuje, na kuziba ndiyo roho ya injini yake.

Mwaka 1951 alipata mkataba na NSU, kiwanda cha pikipiki cha Neckarsulm. Mwaka 1954 umbo la rota na chumba chake likakamilika, na tarehe 1 Februari 1957 injini ya kwanza ikawaka. Ilikuwa na kasoro ambayo fundi yeyote wa Ushirika au Tukuyu mjini angeipigia kelele: chumba chenyewe nacho kilizunguka, na ukitaka kubadilisha plagi lazima uifungue injini nzima. Mhandisi wa NSU, Hanns Dieter Paschke, akatengeneza aina nyepesi ambayo chumba kimetulia na rota peke yake inazunguka. Wankel hakufurahi hata kidogo. Alilalamika kwamba farasi wake wa mbio amegeuzwa kuwa wa kulimia. Lakini rota zote zilizouzwa duniani zinafuata njia ya Paschke, na jina lililobaki ni la Wankel.

Ugonjwa wa injini hii uko kwenye zile ncha tatu. Kila ncha ina sili nyembamba inayosukumwa na springi, kama ringi ya pistoni, ila yenyewe inakwangua ukuta bila kupumzika. Gari la NSU Ro 80, lililotoka mwaka 1967, liliua sili mapema mno, na kampuni ikalazimika kubadilishia wateja injini nzima. Kule Japani, Mazda walikuta mikwaruzo ndani ya chumba wakaiita kucha za shetani, wakahangaika sana kabla ya kuitibu.

Kwenye pikipiki mambo yalikuwa hivyohivyo. Mwaka 1974 ilitoka Hercules W2000 ya Ujerumani, inayopozwa na feni, na ile ya mwanzo mwenye nayo alichanganya oili kwenye petroli kwa mkono wake, kama mnavyofanya kwa msumeno wa mnyororo. Mwaka huohuo Suzuki wakatoa RE5 ya sentimita za ujazo 497, inayopozwa kwa maji, kabureta yake ngumu kuielewa na waya za resi chungu nzima. Ilikula mafuta sana, tena bei ya mafuta ilikuwa imepanda duniani kote mwaka mmoja tu kabla. Mwaka 1976 wakaacha kuitengeneza.

Wanaozimiliki leo wanajua dalili. Injini ikiwaka vizuri asubuhi ya baridi lakini ikakataa kuwaka tena ikiwa ya moto, wanashuku sili zimechoka. Kupima kompresheni nako kuna tofauti: geji inatakiwa kuruka mara tatu kwa kila mzunguko wa rota, na miruko yote ilingane. Mmoja ukiwa mdogo, huenda sili imekwama kwa masizi, na wengine hujaribu kwanza kutia oili kwenye tundu la plagi na kuzungusha taratibu kabla ya kufungua. Plagi huziba kwa oili, eksozi huwaka moto kupita kiasi, na wengi wameng'oa platini za zamani wakaweka mfumo wa umeme.

Waingereza wa Norton walipoza rota kwa kupitisha hewa ndani yake, kisha hewa hiyohiyo ya moto ikaenda kwenye kabureta na kupunguza nguvu. Fundi wao Brian Crighton, akianzia na injini ya pikipiki za polisi, aliitenganisha hewa hiyo akaivuta itoke kwa nguvu ya moshi wa eksozi. Pikipiki ikawa ya mbio.

Wankel mwenyewe alikuwa ameshatajirika. Mwaka 1969 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich kilimpa udaktari wa heshima, yeye ambaye shule ilimshinda kwa ada. Mwaka 1971 aliuza hisa zake katika kampuni ya injini hiyo kwa mamilioni ya fedha za Kijerumani, na mnunuzi wazee wetu wanamfahamu: Lonrho, kampuni ileile ya Waingereza iliyokuwa na mashamba na biashara nyingi Afrika Mashariki, ambayo mwaka 1978 serikali ya Mwalimu Nyerere ilitaifisha mali zake hapa nchini. Yeye akaendelea kubuni boti za kasi, na mwaka 1972 akaanzisha tuzo kwa wanasayansi wanaotafuta njia za utafiti bila kutesa wanyama.

Alifariki tarehe 9 Oktoba 1988, na kaburi lake liko Heidelberg. Mwaka mmoja kabla, Norton walikuwa wameanza kuuza Classic, pikipiki 100 tu. Mwaka 1991 Mazda yenye rota ikashinda mbio za saa 24 za Le Mans, na mwaka 1992 Steve Hislop akashinda mbio za Kisiwa cha Man akiwa juu ya Norton ya rota.