Dkt Toweett: Waziri aliyesomea shahada kwa posta ushauri nasaha ukichipuka shuleni

WENGI humkumbuka marehemu Dkt Taaitta arap Toweett kama mwanasiasa wa Buret na mmoja wa vigogo wa chama cha KADU. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ndiye aliyekuwa Waziri wa Elimu mnamo 1971, wizara hiyo ilipoanzisha kitengo cha ushauri nasaha kwa wanafunzi.

Toweett alizaliwa mwaka wa 1925 wilayani Kericho. Enzi hizo, nchi ya Wakipsigis, kuanzia mashamba ya majani chai hadi Mulot kwenye mpaka na Wamaasai, ilihesabiwa kuwa sehemu ya wilaya hiyo moja. Wilaya ya Bomet ilikuja kumegwa baadaye, mwaka wa 1992.

Alisoma katika Shule ya Upili ya Alliance, Kikuyu, kisha akaenda Makerere, Uganda. Katikati ya miaka ya 1950 alipata nafasi ya kusomea nchini Uingereza stashahada ya usimamizi wa huduma za jamii.

Hakutosheka. Huku akifanya kazi, alijiandikisha katika Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, kilichofundisha kwa njia ya posta, na kwa njia hiyo akajipatia shahada.

Mnamo 1958 alichaguliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Alihudhuria mazungumzo ya katiba ya Lancaster House jijini London, na baada ya uchaguzi wa 1969, Rais Jomo Kenyatta akamkabidhi Wizara ya Elimu.

Kipindi hicho kilikuwa cha pilkapilka. Chuo Kikuu cha Nairobi kilijisimamia rasmi mwaka wa 1970, na mwishoni mwa 1973 Rais akatangaza kuondolewa kwa karo katika madarasa ya chini ya shule za msingi. Wanafunzi walifurika, na pamoja nao yakaja matatizo ambayo kitabu na chaki havingeweza kuyatatua.

Hapo ndipo kitengo cha ushauri nasaha kilipopata umuhimu. Mwanzoni kazi yake kubwa ilikuwa kumwelekeza kijana katika uteuzi wa masomo na ajira. Lakini kilikuwa na kasoro moja: cheo kilitangulia mafunzo. Mwalimu aliyeteuliwa kuwa mshauri mara nyingi hakuwa na ujuzi mwingine ila ule wa ualimu, pengine na kozi fupi. Vipindi vyake vya darasani vilibaki vilevile.

Toweett mwenyewe alifuata njia tofauti. Ijapokuwa alikuwa tayari mtu mkubwa serikalini, alirejea darasani katika miaka ya 1970 na kusomea isimu ya Kikalenjin katika Chuo Kikuu cha Nairobi, hadi akapata shahada ya uzamifu. Alikuwa mzungumzaji wa lugha hiyo tangu utotoni, lakini hakuona hilo kuwa sababu ya kukwepa mtihani.

Mwaka wa 1976, akiwa Waziri wa Elimu kwa mara ya pili, aliongoza Mkutano Mkuu wa 19 wa UNESCO uliofanyika Nairobi. Mwaka huohuo, kamati ya elimu iliyoongozwa na Bw Peter Gachathi ilisisitiza haja ya ushauri nasaha shuleni. Tume ya Bw James Kamunge ikalirudia suala hilo mnamo 1988.

Toweett alikuwa amekwisha kupoteza kiti chake cha ubunge mwaka wa 1979. Alibaki akiandika kuhusu lugha na historia ya Wakipsigis, na aliwahi kuwa mwenyekiti wa shirika la ndege la Kenya Airways.

Kiboko kilipopigwa marufuku shuleni mwaka wa 2001, mzigo wa mshauri uliongezeka maradufu. Msichana wa Mulot anayeogopa kuozwa mapema, au mvulana asiyeweza kusoma ingawa ana akili timamu, hutarajiwa kumweleza siri yake mwalimu yuleyule anayemtia adabu na kumsahihishia mtihani. Mshauri asiyefunzwa anaweza kuitoboa siri hiyo, au akamwita mzembe mtoto ambaye kwa kweli anahitaji kupimwa na mtaalamu.

Nchini Marekani, viwango vya kitaifa vya taaluma hiyo vinamtaka mwanasaikolojia wa shule asome zaidi ya shahada ya kwanza, kwa kawaida miaka mitatu. Katika muda huo hufanya angalau saa 1,200 za mazoezi chini ya usimamizi, nusu yake zikiwa shuleni. Ndipo huomba leseni.

Kenya nayo imepiga hatua. Vyuo vikuu kama vile Kenyatta na Egerton vimefundisha ushauri nasaha hadi kiwango cha uzamili, na sheria ya washauri na wanasaikolojia ya 2014 iliunda bodi ya kuwasajili wataalamu hao.

Dkt Toweett hakuishi kuiona sheria hiyo. Aliaga dunia Oktoba 2007, miaka saba kabla ya kupitishwa kwake na miaka 36 baada ya kitengo kile kuanzishwa. Katika shule nyingi za mashambani, anayeshika ufunguo wa chumba cha ushauri angali mwalimu wa kawaida, na wanafunzi wangali wanabisha hodi mlangoni pake.