Maisha ya Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Waimbaji wa kwaya huulizana mara nyingi ni kitu gani kimfanyacho mtu mmoja asikilizwe na wote, na mwenziwe, mwenye koo zuri vilevile, asahauliwe kesho yake. Jibu moja lapatikana katika maisha ya Siti binti Saad wa Unguja. Nasi wa Katoro hatuwezi kumwita mgeni kabisa, maana asili ya baba yake ilikuwa Unyamwezi, na Wanyamwezi ni ndugu wa Wasukuma.

Alizaliwa katika kijiji cha Fumba yapata mwaka 1880, siku ambazo utumwa haujakoma katika kisiwa kile. Mama yake alikuwa wa asili ya Kizigua. Wazazi wakampa mtoto jina la Mtumwa, na jina hilo latosha kutuonyesha hali ya watu wa namna yao. Shule hakuwekwa, wala kusoma na kuandika hakujua. Mama alifinyanga vyungu, na binti akavichukua akaenda kuviuza mjini, huku akivinadi kwa sauti. Husemwa ya kuwa watu walimtambua kwa sauti kabla hawajamwona. Kazi hiyo ilikuwa chuo chake cha kwanza. Kwa maana mwenye kunadi bila maneno yake kusikika hauzi kitu, na mwenye kupasua koo asubuhi, adhuhuri hana sauti tena.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko alikutana na Ali Muhsin, mjuzi wa muziki, akamfundisha kuimba pamoja na ala na kutamka maneno ya Kiarabu. Kwa kuwa taarabu ya siku zile iliimbwa kwa Kiarabu, nayo ilikuwa imeanzia katika jumba la Sultani Seyyid Barghash, aliyetawala toka 1870 hata 1888. Chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa mwaka 1905, kilikuwa cha wanaume. Mwanamke maskini wa shamba hakuwa na kiti kati yao. Lakini yeye, mtu mzima wa miaka kama 30, alikubali kuketi chini ya mwalimu na kuanza upya. Muda si mwingi mabwana wakubwa wakamwalika katika karamu zao, akaitwa Siti, maana yake bibi mwenye heshima.

Walikuwapo waliomwonea kijicho. Wakamtungia wimbo wa kumdhihaki kwa ajili ya umaskini wa alikotoka, wakisema kwamba pasipo sauti yake hangekuwa kitu. Siti hakugombana nao njiani. Alijibu kwa wimbo, akaonyesha kwamba sura na nasaba hazimfai mtu asiye na akili.

Tena hakuridhika na kuimbia wakubwa tu. Aliimba kwa Kiswahili, ili mchukuzi na mpishi waelewe sawasawa na tajiri. Mwezi wa Machi 1928 yeye na wenzake walisafiri kwenda Bombay, katika nchi ya Bara Hindi, wakaimba mbele ya mitambo ya kampuni ya His Master's Voice. Upande mmoja wa santuri za siku zile ulichukua dakika 3 hivi, basi hapakuwa na nafasi ya kupoteza hata neno moja. Santuri hizo zikaenea pwani na bara, na watu waliosikia waliyaelewa maneno yake.

Na maneno hayo yalikuwa na uzito. Katika wimbo wake mmoja uliojulikana sana alisimulia habari za Kijiti, mtu aliyemwua mwanamke mgeni aliyefika Unguja kutembea. Mwuaji alitoroka akavuka bara, na wanawake waliokuja kutoa ushahidi ndio waliofungwa. Waliodhulumiwa hawakuwa na mahali pa kusema. Basi Siti akawasemea, na habari iliyofungiwa barazani ikatembea nchi nzima.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert, mwandishi wetu mashuhuri, aliandika kitabu cha maisha yake. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alizifuata nyayo zake. Chama cha wanawake waandishi wa habari wa Tanzania kililiita gazeti lake Sauti ya Siti.

Basi, koo zuri ni kipawa tu, na wengi wamepewa. Siti aliongeza mambo matatu: alitamka wazi, alikubali kufundishwa, akawaimbia wasio na wa kuwasemea. Enyi waalimu wa kwaya, mnapochagua waimbaji, msimpite yule binti wa shamba aliyesimama nyuma kwa sababu ya nguo zake. Mpeni nafasi, mfundisheni, kisha msikilize ana neno gani.