Mzee Karume na Shule Zisizo na Ada

Kila tarehe 23 Septemba watoto wa Unguja na Pemba huadhimisha siku ya Elimu Bila Malipo. Tarehe hiyo mwaka 1964, miezi minane baada ya Mapinduzi, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza kwamba watoto wa visiwani watasoma bila ada. Waamini wengi wa parokia zetu wanamjua kwa Muungano na kwa sura yake iliyo kwenye sarafu ya shilingi 500. Habari ya shule huwa inapitwa haraka. Mimi naona ndiyo inayotuhusu zaidi, kwa sababu ndani yake kuna maswali mawili tunayoulizana hadi leo katika vikao vya wazazi: nani alipie shule, na nani aulizwe fedha zilivyotumika.

Karume alizaliwa mwaka 1905. Darasani hakukaa sana. Akiwa kijana aliingia kazi ya ubaharia, akaizunguka dunia kwenye meli za mizigo, akaona bandari nyingi ambazo wasomi wa wakati wake walizisoma kwenye ramani tu. Aliporudi akawa kiongozi wa vijana wa mashua zilizobeba abiria kati ya meli na pwani ya Unguja. Ndugu zangu waseminari, sisi tumekalia madawati tangu utotoni na sasa tunahangaika na Aristotle. Huenda si rahisi kwetu kuelewa hamu ya elimu ya mtu ambaye hakuipata. Anayenyimwa kitu huwa anakijua thamani kuliko aliyezaliwa nacho ndani ya nyumba.

Elimu aliyoikuta visiwani ilifuata asili na tabaka. Wahindi walikuwa na shule zao, watoto wa wakubwa walikuwa na njia zao, na mtoto wa Ng'ambo au wa shamba alipata alichobahatika kupata. Kanisa nalo limo katika historia hiyo. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walifika Unguja mwaka 1863 na wakaanza kazi na watoto waliokombolewa utumwani, wakiwafundisha kusoma na kazi za mikono. Ni mwanzo wa kujivunia. Lakini tukubali pia kwamba miaka mingi baadaye shule ya masista ya Mtakatifu Yosefu, pale Mji Mkongwe, ilijulikana zaidi kama shule ya Wagoa na ya familia zenye uwezo.

Siasa zake nitazipitia kwa haraka, maana zimeandikwa sana. Mwaka 1957 akawa Rais wa chama kipya cha Afro-Shirazi, na mwaka huohuo akashinda uchaguzi wa Ng'ambo. Uhuru ukaja Desemba 1963 chini ya Sultani, Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964, na Muungano na Tanganyika tarehe 26 Aprili. Damu nyingi ilimwagika katika siku za Mapinduzi, na hakuna haja ya kuificha kwa sababu tu tunazungumza mambo mema ya shule.

Tangazo la Septemba halikuwa la maneno matupu. Serikali ilizichukua shule za watu binafsi, za jumuiya na za dini, ikaziweka zote chini ya mfuko mmoja wa umma. Shule ya King George VI ikawa Lumumba. Shule ya masista ikawa Tumekuja, jina ambalo mtu yeyote aliyekuwa nje ya lango lile angelielewa bila kutafsiriwa. Tanzania Bara ilifuta ada ya shule za msingi mwaka 1973; Zanzibar ilikuwa imetangulia kwa miaka tisa. Kwa mzazi wa shamba, aliyezoea kuhesabu karafuu kabla ya kuamua ni mtoto gani aende shule, huo ulikuwa ukombozi wa kweli.

Kwa upande wetu Wakatoliki, jambo hili lina uzito wa pekee. Mwaka mmoja tu baadaye, Oktoba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa tamko juu ya elimu, Gravissimum Educationis. Mababa wa Mtaguso walifundisha kwamba kila mtu ana haki ya elimu, kwamba serikali ina wajibu wa kusaidia, na kwamba fedha za umma zigawanywe kwa haki ili wazazi wawe huru kweli kuchagua shule. Ukimpima Karume kwa kipimo hicho, anafaulu nusu. Aliwapa maskini nafasi, akawanyima wazazi wote uchaguzi. Maoni yangu ni kwamba nusu ya kwanza ilikuwa ya haraka zaidi, ingawa najua baadhi ya walimu wetu hawatakubaliana nami.

Nusu nyingine iliyokosekana ni uwajibikaji. Baraza la Mapinduzi ndilo lililotunga sheria, likaamua matumizi na kuyasimamia. Baada ya 1964 Karume hakusimama tena mbele ya wapiga kura wa Zanzibar. Fedha za karafuu ziliingia, na akiba kubwa ikawekwa nje, huku katika miaka yake ya mwisho watu wakipanga foleni za chakula. Shule zilihitaji walimu, maana wengi waliondoka visiwani. Nafasi za sekondari zikaanza kugawanywa kwa hesabu ya asili za watu, hata mtoto aliyefaulu akaweza kuachwa kwa sababu ya ukoo wake. Mtu aliyevunja milango ya ubaguzi alijenga mwingine. Mzazi aliyeumizwa na jambo hilo angelalamika wapi? Hakukuwa na mwakilishi wa kumtuma wala ripoti ya kuisoma, na kusema hadharani kulikuwa na hatari yake.

Tarehe 7 Aprili 1972 Karume aliuawa kwa risasi Kisiwandui, makao makuu ya chama chake, na huko ndiko alikozikwa. Aboud Jumbe akashika nafasi yake. Katiba ya Zanzibar ikapatikana mwaka 1979, na Januari 1980 Baraza la Wawakilishi likakutana kwa mara ya kwanza. Shule za bure zilikuwa zimetangulia chombo cha kuzihoji kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Baadaye hali ya uchumi ilipokuwa ngumu, michango ya wazazi ilirudi kimyakimya shuleni, hadi ilipofutwa tena kwa shule za msingi mwaka 2015.

Siku hizi Baraza hilo linakaa Chukwani, karibu na uwanja wa ndege wenye jina la Karume. Lina kamati ya kuchunguza hesabu za serikali, na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu wa Zanzibar hutoa ripoti zake. Katika kikao cha bajeti, Waziri wa Elimu husimama kuomba fedha za mwaka, na wawakilishi humuuliza kuhusu madarasa, madawati na walimu. Mazungumzo hayo hurushwa hewani, na mzazi wa Makunduchi anaweza kuyasikiliza nyumbani kwake.