Bwana Kirkman na Makaburi ya Gede

Ndugu zetu waliopata kuingia katika magofu ya Gede, karibu na Watamu, bila shaka wameliona lile kaburi lililochorwa katika chokaa yake tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, nao ni 1399 wa Miladi. Aliyelichimbua na kulieleza ni Mwingereza James Kirkman, aliyezaliwa mwaka 1906 akafa 1989. Twaona si haki kulitaja kaburi tusimtaje yeye.

Alishika kazi ya ulinzi wa Gede mwaka 1948, akachimba kwa muda wa miaka kumi. Msikiti mkubwa, jumba la mfalme na nyumba za matajiri vilitoka katika mwitu, na nyumba zikapewa majina kwa vilivyookotwa ndani yake: hii ya mkasi, ile ya fedha za Kichina.

Watu wasikiapo habari za kufukua makaburi hukumbuka Misri, na dhahabu aliyoiona Howard Carter mwaka 1922 katika kaburi la Tutankhamun. Wamisri wa kale waliwazika wafalme wao na vitanda, mikate na mvinyo, wakiamini kwamba maiti atavihitaji huko aendako. Gede hapakuwa na hazina ya namna hiyo kaburini, wala haingekuwako, kwani maiti wetu huenda na sanda yake tu. Faida aliyoipata Bwana Kirkman ni ile tarehe. Vigae vya sahani za kigeni vilivyokuwa katika udongo wa pale alivipima kwa mwaka 802, kisha akavitumia kukadiria umri wa miji mingine isiyo na maandishi, kama Ungwana karibu na Mto Tana. Kitabu chake juu ya kaburi hilo moja kilitoka mwaka 1960.

Lakini yako mambo ambayo sisi hatuwezi kuyapita kimya. Juu ya maiti hao wasio na kitu, wazee wetu walijenga kuta zenye nakshi na nguzo ndefu, hali wanazuoni wamekataza kuyajengea makaburi. Tena chini ya sakafu za nyumba vilionekana vyungu vya fingo, vilivyozikwa ili jini alinde mlango na kumtia wazimu mwenye nia mbaya. Na haya yalikuwa hatua chache tu kutoka mihrabu! Mmisri aliyeandika maneno ya kinga katika kuta za kaburi hakuwa mbali sana na mwenye fingo, japo yatuuma kukiri hivyo.

Naye Bwana Kirkman alikuwa na kosa lake. Kitabu chake cha mwaka 1954 kiliuita Gede mji wa Waarabu. Wachimbaji waliomfuata wameonyesha kuwa ulikuwa mji wa Waswahili, wenyeji wa pwani hii waliofanya biashara na Uarabuni, Bara Hindi na China. Vyungu vilivyofinyangwa hapa hapa vilikuwa mikononi mwake, lakini macho yake yalivutwa zaidi na sahani za ng'ambo.

Baadaye alihamia Mombasa, akasimamia jumba la makumbusho la Ngome ya Yesu tangu lilipofunguliwa 1960 hata akastaafu 1972. Mwaka 2024 UNESCO iliitia Gede katika orodha ya urithi wa dunia. Kaburi la 802 lingali mahali pake, chini ya miti.